Shehena ya Kongo haiishii Kalemie, tuitazame na Ubundu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo la usafirishaji linalotugusa sisi wa mwambao wa Ziwa Tanganyika, na linalomgusa pia mfanyabiashara wa Dar es Salaam hata kama hajawahi kufika Kigoma. Kila shehena ya Kongo inapotajwa, hesabu zetu huishia Kalemie, bandari ya Kongo ng'ambo ya ziwa. Mzigo ukishavuka ziwa tunaona kazi imekwisha. Kumbe ng'ambo ndiko gharama inakoanza kupanda, na hakuna mahali panapolionyesha hilo wazi kama mji mdogo wa Ubundu, ukingoni mwa mto Lualaba, kilomita 125 kwa reli kutoka Kisangani.

Wanaotaka njia ile ya reli na mto, kutoka Kalemie hadi Kisangani, ifufuliwe husema ziletwe meli. Mimi nasema meli zije mwisho. Uanze mto kupimwa na kuwekewa alama, kisha gati la Ubundu lirudishiwe uwezo wa kuhamisha mzigo. Ukifuata historia ya mji huo, utaona sababu.

Lualaba ukifika Ubundu unakutana na poromoko la kwanza kati ya maporomoko saba ya Boyoma. Yanashuka kiasi cha mita 60 katika mwendo wa kama kilomita 100, na la mwisho lipo Kisangani penyewe, wanakovua Wagenya, wavuvi wa mto huo. Chini ya hapo mto unaitwa Kongo, na vyombo huteremka zaidi ya kilomita 1,700 hadi Kinshasa. Juu ya Ubundu nako mto unapitika kiasi cha kilomita 300 hadi Kindu. Kipande cha katikati hakipiti chombo chenye shehena. Enzi za misafara ya pembe iliyotoka pwani, Wagenya ndio waliokuwa na mitumbwi, na msafara usiopatana nao ulibaki ukingoni. Tippu Tip, Mswahili wa Zanzibar, alifanywa gavana wa eneo hilo la maporomoko mwaka 1887. Kiswahili kinachosemwa Ubundu, Kindu na Kisangani mpaka leo kilifika kwa njia hiyo hiyo ya biashara.

Reli ndiyo iliyoujenga mji. Kampuni ya reli za Maziwa Makuu, iliyoundwa mwaka 1902 kwa mtaji wa tajiri Empain wa Ubelgiji, ilifungua njia ya Stanleyville hadi Ponthierville mwaka 1906. Stanleyville ndiyo Kisangani, na Ponthierville ndiyo Ubundu. Mwaka 1911 treni zilikuwa zinakwenda kati ya Kindu na Kongolo, kilomita 355, kwa sababu hapo pia mto una miamba na magenge yasiyopitika. Mwaka 1915 reli ya kilomita 273 iliunganisha Kabalo na Albertville, yaani Kalemie. Upande wetu, reli ya kati ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914. Mwaka 1921 Uingereza na Ubelgiji zilitiliana saini mkataba ulioipa Ubelgiji maeneo yake ya bandari Dar es Salaam na Kigoma kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Wakongwe wa bandarini wanayakumbuka kwa jina la Belbase.

Tulifuate gunia moja la chumvi la miaka ile. Linatolewa melini Dar es Salaam na kupakiwa kwenye behewa. Kigoma linashushwa na kuingizwa kwenye meli ya ziwani. Kalemie linarudi kwenye behewa. Kabalo linaingia chomboni, Kongolo linapanda treni, Kindu linarudi chomboni, Ubundu linapanda treni tena. Kisangani linashushwa na kuvushwa mto, kwa kuwa kituo cha reli kipo ukingo wa kushoto na mji wenyewe pamoja na bandari yake vipo ukingo wa kulia. Makabidhiano manane! Na kila kabidhi ni kuinua mara mbili au tatu: kutoka chomboni hadi ghalani, kutoka ghalani hadi kwenye behewa, na katikati hapo mizani, karani, na gunia lililochanika.

Daraja la Kongolo na reli ya kuunganisha Kongolo na Kabalo vilipokamilika mwaka 1939, makabidhiano mawili yalifutika. Katika historia yote ya njia ile sijui hatua iliyopunguza gharama kama hiyo, na haikuongeza hata chombo kimoja.

Hatua iliyofuata ilisaidia upande mmoja na kuumiza mwingine. Reli zile zote zilikuwa na upana wa milimita 1,000, sawa na reli yetu ya kati ya zamani. Mwaka 1955 zile za kusini, kuanzia Kindu hadi Kalemie, zilipanuliwa kuwa milimita 1,067 ili zilingane na za Katanga, na mwaka 1956 Kabalo ikaungwa na Kamina. Mzigo wa Kindu ukaweza kwenda Lubumbashi na kusini zaidi bila kushushwa. Kipande cha Ubundu hadi Kisangani kikaachwa na milimita zake 1,000. Tangu hapo behewa lililoharibika Ubundu haliwezi kuazimwa magurudumu ya Kindu, wala kichwa cha treni cha Kindu hakina kazi Ubundu hata kikiteremshwa mzima juu ya tishali, yaani chombo bapa cha mizigo. Kwa tofauti ya milimita 67, chini ya upana wa kiganja, kipande cha kilomita 125 kilibaki kisiwa chenye karakana yake, vipuri vyake na mafundi wake.

Vyombo vya majini navyo ni wafungwa wa namna hiyo. Chombo cha kati ya Kindu na Ubundu hakiwezi kushuka Kisangani kutengenezwa, wala cha Kisangani hakiwezi kupanda kusaidia. Tangu enzi za meli za mvuke zilizochoma kuni, chombo cha kipande hicho kilipelekwa vipande vipande na kuunganishwa huko huko. Kwa hiyo anayesema "tupeleke meli mpya" aeleze pia bamba la chuma litatoka wapi siku tumbo la chombo litakapotobolewa na mwamba, na kitapandishwa nchi kavu kwenye mteremko gani ili kichomelewe.

Sasa nije kwenye kina cha maji, ambacho ndicho kiini cha barua hii. Chukua tishali la kawaida la mtoni lenye urefu wa mita 30 na upana wa mita 6, pande zake zimesimama wima. Eneo lake juu ya maji ni mita za mraba 180. Kila sentimita 10 linazozama ni mita za ujazo 18 za maji, yaani tani 18 za mzigo. Tuseme likiwa tupu limezama sentimita 40. Ukilipakia tani 150 litazama sentimita 83 zaidi, jumla mita 1.23. Acha sentimita 20 chini ya tumbo ili lisiguse mchanga na sukani ifanye kazi. Utahitaji maji ya mita 1.43 kila mahali, safari nzima.

Kiangazi cha katikati ya mwaka maji hushuka. Fungu moja tu la mchanga likiwa na maji ya mita moja, hata kama kilomita nyingine 299 zina mita tatu, tishali hilo haliruhusiwi kuzama zaidi ya sentimita 80. Toa zile 40 za utupu, zinabaki 40, ambazo ni tani 72. Chini ya nusu ya mzigo, kwa wafanyakazi wale wale na siku zile zile, na mafuta yasiyopungua kwa kiasi hicho, maana kisukuma tishali kinapambana na mkondo ule ule. Bei ya sukari na saruji ikipanda mjini, watu humlaumu mwenye duka. Mara nyingi waliopandisha bei ni sentimita 40 za mchanga mahali pamoja ambapo hakuna aliyepapima.

Nahodha asiyejua kina ana njia mbili. Apakie kidogo mwaka mzima kwa woga, au apakie kamili akwame. Kukwama nako kuna namna zake. Ukikwama unapanda dhidi ya mkondo, maji yanakusukuma kurudi ulikotoka, na mara nyingi chombo hujinasua kwa kurudisha injini nyuma taratibu. Ukikwama unateremka, mkondo unakubandika juu ya fungu, mchanga unajaa kando ya tumbo, na kila saa inayopita inazidi kukuzika. Ukiongeza moto wa injini, pangaboi inapiga mchanga na mapanga yake yanalika, na maji ya kupoza yanavuta tope mpaka injini ichemke. Kinachofaa ni kupeleka nanga kwa mtumbwi juu ya mkondo, kuivuta kwa winchi, na huku unapunguza mzigo wa upande wa omo, yaani mbele ya chombo. Na hilo linahitaji mtumbwi wa pili, kamba ndefu, na watu waliofundishwa.

Vyombo vya zamani havikutegemea bahati. Omoni walisimama watu wawili, mmoja kila upande, kila mmoja na upondo uliochorwa mistari. Anautumbukiza mbele kidogo ya chombo, unasimama wima chombo kinapoufikia, anasoma mstari uliolingana na uso wa maji, ananyanyua kiganja au kupaza sauti, anauchomoa, anatumbukiza tena. Nahodha haangalii maji, anaangalia mikono ile. Upondo ukitoka na mchanga mweupe kwenye ncha, kuna fungu linalohama. Ukigonga na kurudisha mtikisiko mkononi, ni mwamba, na hapo hakuna mjadala, injini inapunguzwa mara moja. Chombo cha kisasa cha kupima kina kwa sauti kinafaa sana, ila kimefungwa chini ya chombo, kinasema kina cha mahali ulipokwisha kufika. Upondo unakuambia kabla hujafika. Visitengane.

Kupima mto kwa ajili ya alama si kazi ya mabilioni, ni kazi ya nidhamu. Unasimamisha nguzo ya kusomea maji Kindu, nyingine Ubundu, na moja au mbili katikati, zote zenye alama za sentimita, na mtu wa kuzisoma saa 12 asubuhi kila siku na kuandika daftarini. Bila nguzo hizo vipimo vyote ni bure. Ukipima fungu Jumatatu ukapata mita 1.2, na hadi Ijumaa maji yameshuka sentimita 20, namba yako ya Jumatatu itamwangamiza atakayeiamini Ijumaa. Ukiwa na nguzo, unatoa usomaji wa siku hiyo na kurudisha kila kipimo kwenye sifuri moja. Kisha nahodha akiambiwa redioni kwamba nguzo ya Kindu inasoma kadhaa, anajumlisha mwenyewe na kujua kila fungu lina maji kiasi gani kabla hajapakia gunia la kwanza.

Alama zenyewe zisitegemee maboya peke yake. Mto wa msituni hubeba magogo, na gogo moja la mafuriko hung'oa boya na mnyororo wake. Penye mwamba usiohama, weka vibao viwili ukingoni, cha mbele kifupi na cha nyuma kirefu, katika mstari wa njia ya maji. Nahodha akiviona vimesimama kimoja juu ya kingine, yumo njiani. Vikiachana, ajue ametoka na ametokea upande gani. Penye mchanga vibao hivyo vihamishwe kila maji yanaposhuka, kwa kuwa mafuriko hubadilisha njia kila mwaka. Rangi, mbao, misumari na mtumbwi wenye injini vinatosha kuanza.

Ubundu penyewe pana hatari ya peke yake. Gati lipo juu ya poromoko. Chombo kinachoteremka kutoka Kindu hakiji gatini omo mbele, kwa kuwa injini ikizima hapo, hakuna kituo kingine mbele zaidi ya miamba. Nahodha anaanza kugeuka mapema, mahali palipopangwa, mpaka omo ielekee juu mkondo unakotoka, kisha anaacha maji yamshushe pole pole huku injini ikisukuma mbele, nanga ikiwa imeshikiliwa tayari kuangushwa. Kamba ya omo ndiyo inayofungwa kwanza, maana ndiyo inayobeba uzito wote. Za tezi, yaani nyuma, na za kukingama hufuata. Usiku awepo mlinzi wa kamba, si mlinzi wa mzigo tu, kwa sababu maji yakipanda kamba hukaza mpaka ikatike, na yakishuka tishali huning'inia upande mmoja. Gati linaloelea, linalopanda na kushuka na maji, lingemaliza sehemu kubwa ya shida hii, na lingepunguza pia mlima ambao mpagazi anaupanda na gunia kichwani wakati wa kiangazi.

Kuhusu mpagazi huyo, tupige hesabu. Tani 150 ni magunia 3,000 ya kilo 50. Watu 30 wakibeba, kila mzunguko dakika tano pamoja na kusubiriana kwenye ubao, ni magunia 360 kwa saa, yaani zaidi ya saa nane za kazi bila mvua. Ikinyesha, kazi inasimama, na msitu ule hunyesha. Sasa treni: behewa la tani 20 linabeba magunia 400, kwa hiyo tishali moja ni mabehewa saba na nusu. Ikiwa treni inakuja na mabehewa matano, magunia 1,000 yanalala. Chombo na treni visipopangiwa ratiba moja, yanalala wiki. Ghala la kuyalaza yote 3,000, kwa kupanga 12 kwenda juu, gunia moja likichukua eneo la sentimita 80 kwa 50, linahitaji mita za mraba 100 kwa magunia peke yake. Ongeza njia za kupita na nusu mita kutoka kila ukuta, ufike kama 160. Sakafu iinuliwe, na chini ya magunia ziwepo mbao za kupitisha hewa.

Kila mzigo una ugonjwa wake. Saruji hunywa unyevu wa hewa na kuganda, kwa hiyo iliyotangulia kuingia itangulie kutoka, na isizidi mifuko 10 kwenda juu. Mchele ukiwa na unyevu zaidi ya asilimia 14 huota kuvu ghalani. Chumvi hula sakafu ya tishali na ya behewa, na anayeipakia bila kutandika turubai anaharibu chombo kwa mzigo wa bei ndogo. Mawese kwenye pipa la lita 200 yana uzito wa kilo 180 hivi, na pipa lenyewe linaongeza 20. Halibebwi. Wekeni mbao mbili zenye mteremko, fungeni kamba mbili juu, zipitisheni chini ya pipa na kuzirudisha juu, kisha watu wawili wavute kwa pamoja, pipa lijiviringishe lenyewe hadi kwenye behewa. Asisimame mtu chini ya pipa. Kamba moja ikitangulia nyingine, pipa linageuka upande na kuvunja mguu wa aliye karibu.

Utaratibu huu ulijulikana Ubundu kwa miongo. Uliporomoka kwa awamu: vita vya 1964, mashirika kubadilishiwa wamiliki miaka ya 1970, kisha vita vya 1996 hadi 2003. Reli ilisimama, ikaanza, ikasimama tena, majani yakifunika mataruma yanayobeba reli na mifereji ikiziba mpaka tuta linamomonyoka. Mzigo ukahamia kwenye baiskeli za kusukuma. Baiskeli yenye kilo 100 za mawese ikisukumwa kilomita 125 kwenye tope ni kazi ya watu mashujaa, ninaiheshimu, lakini tishali moja la tani 150 ni baiskeli 1,500. Hakuna ushujaa utakaoziba pengo hilo.

Na sisi linatuhusu vipi? Tunajenga reli ya upana wa milimita 1,435, tunazungumzia bandari za Kigoma, na tunahesabu wateja wa Kongo kwa mamilioni. Mteja wa Maniema na Tshopo, mikoa ya Kindu na Kisangani, hulipa bei ya mwisho wa njia, habari ya Kigoma haimhusu. Tukipunguza gharama ya Dar hadi Kigoma kwa kiasi kikubwa, halafu gunia likalala wiki mbili Kindu likisubiri maji na wiki nyingine Ubundu likisubiri mabehewa, atanunua la Kinshasa au la Uganda kupitia barabara. Kwa hiyo katika mazungumzo ya nchi mbili kuhusu ushoroba wa kati, yaani njia ya mizigo kutoka Dar es Salaam kwenda nchi za ndani, wajumbe wetu waulize maswali madogo: nguzo za kusomea maji zipo? Nani anazisoma? Vibao vya mwisho viliwekwa lini? Ghala la Ubundu lina paa?

Wataalamu wetu wa Ziwa Tanganyika na wenzao wa Kongo wanaweza kuanza na mtumbwi mmoja wenye injini, wapimaji wawili wenye pondo, rangi, daftari na simu ya kurekodi mahali walipo kwa GPS, wakipima kila mita 50 panapovukwa mafungu. Wakati wa kufanya hivyo ni Agosti na Septemba, maji yakiwa chini na mchanga ukionekana kwa macho.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mdau wa usafiri wa majini,
Kigoma